Mkabilishemsi: Uchungu wa Mboga na Maarifa ya Chungu

Wapo watu wanaodhani kuwa majina ya mimea katika Kiswahili ni vitambulisho tu, mithili ya nambari zinazobandikwa magarini. Dhana hiyo hutoweka mara mtu anapoyachunguza majina yenyewe. Mwarobaini ni mti unaosadikiwa kutibu maradhi arobaini. Kifauongo ni mmea mdogo ambao majani yake hujikunja yanapoguswa, yakawa kana kwamba yamekufa, kisha yakakunjuka tena baada ya muda. Katika kundi hilohilo la majina yanayosimulia tabia ya mmea limo moja ambalo halisikiki sana siku hizi, nalo ni mkabilishemsi. Kimuundo, hii ni nomino ambatani iliyotokana na kitenzi kabili na nomino shemsi, neno lenye asili ya Kiarabu ambalo maana yake ni jua. Mkabilishemsi, basi, ni mmea unaoliangalia jua uso kwa uso.

Msomaji asiyelijua jina hili huenda aliula mmea wenyewe juzi. Katika masoko ya Nairobi, Nakuru na Kisumu huuzwa kwa jina la saga, sageti au saget. Wakisii huuita chinsaga, Waluhya tsisaga, Waluo dek, na Wakikuyu thageti. Pwani hujulikana pia kama mwangani au mgagani. Nje ya mipaka ya Kenya, Washona wa Zimbabwe huuita nyevhe na Watswana wa Botswana rothwe. Wanabotania nao wameupa jina la Gynandropsis gynandra, ingawa vitabu vingi vya miaka iliyopita huuita Cleome gynandra. Mboga yenye majina mengi kiasi hiki haiwezi kuwa ilianza kuliwa jana.

Makala haya yanaishughulikia mboga hiyo moja: namna inavyokua, inavyopikwa na inavyomfaa mlaji. Suala linalozingatiwa ni uchungu wake. Uchungu ndio umewafanya vijana wengi waikimbie, ilhali namna ya kuutuliza bila kuupoteza uzuri wa mboga ni elimu iliyokuwa ikipokezanwa jikoni, kutoka kwa nyanya hadi kwa mjukuu, kwa lugha za jikoni. Elimu hiyo inapokatika, mboga huweza kubaki sokoni na bado mlaji asifaidike nayo.

Mmea Wenyewe

Mkabilishemsi ni mmea wa msimu mmoja. Hukua wima, aghalabu kufikia kiuno cha mtu mzima, na shina lake huwa la kijani au la zambarau, lenye vinyweleo vinavyonata vidoleni. Kila jani limegawika kuwa vijani vitatu hadi saba, mara nyingi vitano, vilivyopangika kama vidole vya kiganja kilichokunjuliwa. Maua yake ni meupe au ya waridi iliyofifia, na nyuzi ndefu zinazochomoza nje ya ua ndizo zilizowafanya Waingereza wauite mmea wa buibui.

Waliouita mkabilishemsi hawakumwona buibui. Waliliona jani likigeuka. Na waliona sawasawa. Wataalamu wa fiziolojia ya mimea wameeleza kwamba vijani vya mmea huu hulifuata jua kadiri linavyosafiri angani, ili miale iviangukie kwa wingi. Isitoshe, mmea huu umo katika kundi la mimea ambayo usanisinuru wake hufuata njia iitwayo C4, njia ileile inayotumiwa na mahindi na mtama. Njia hiyo huuwezesha kustahimili mwanga mkali na joto, na kutumia maji kwa uchache. Ndiyo sababu hunawiri mahali palipo wazi na hudumaa kivulini au kwenye baridi ya milimani. Mkulima aliyelielewa jina angekwisha kulijua hilo kabla hajapewa ushauri na mtu yeyote.

Harufu yake ni kali, na haimpendezi kila mtu. Hata hivyo harufu hiyo ina kazi yake. Watafiti wa wadudu nchini Kenya wamewahi kuonyesha kwamba mmea huu hufukuza kupe, na kwamba ukipandwa katikati ya waridi huweza kupunguza utitiri mwekundu unaoshambulia maua hayo.

Gugu la Nani?

Kwa vizazi vingi mkabilishemsi haukuhitaji kupandwa. Uliota wenyewe baada ya mvua za kwanza, hasa karibu na zizi la ng'ombe na jaa la majivu, mahali penye rutuba. Akina mama waliuchuma, wakauacha baadhi ukomae na kumwaga mbegu. Kilimo cha enzi ya ukoloni na ushauri uliofuata baada ya uhuru vilileta mtazamo mwingine: shamba safi ni lile lenye mstari wa mahindi na ardhi tupu katikati. Kabichi, spinachi na sukuma wiki, ambazo asili yake si hapa, zilipewa vitalu, mbegu za dukani na mbolea. Jani lililojiotea lenyewe likaitwa gugu, likang'olewa wakati wa palizi.

Si haki kuilaumu sukuma wiki. Ni mboga yenye lishe, hustahimili, na imeziokoa familia nyingi mwishoni mwa mwezi, kama jina lake linavyokiri. Tatizo ni kuwa imekuwa mboga ya kila siku na ya kila mtu. Mwanafunzi anayejipikia chumbani mwake hula ugali kwa sukuma wiki Jumatatu, akala hivyo Jumanne, na wiki ikasukumwa mpaka ikaisha, huku hatua chache kutoka lango la chuo pana mama mwenye mafungu ya saga, mnavu, mrenda na kunde. Penye miti hapana wajenzi.

Neno kienyeji nalo lina kisa chake. Kulikuwa na wakati ambapo kumwambia mtu kuwa jambo lake ni la kienyeji kulikuwa karibu sawa na kumtusi. Leo kuku wa kienyeji ana bei ya juu kuliko wa kufugwa kwa vyakula vya viwandani, na mboga za kienyeji huagizwa kwenye mikahawa na watu waliovaa tai. Mabadiliko haya hayakuja kwa bahati. Miongoni mwa walioyafanyia kazi ni Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta, ambaye ameeleza hadharani kwamba utotoni mwili wake ulikataa maziwa, samaki na mayai, hivi kwamba mboga za jamii yake zikawa tegemeo lake. Alikuja kuzifanya mboga hizo kuwa uwanja wa utafiti, na mwaka 2010 Umoja wa Afrika ulimtunuku Tuzo ya Kisayansi ya Kwame Nkrumah. Mwaka 2021 nayo juhudi ya Kenya ya kuhifadhi vyakula vya kiasili iliingizwa na UNESCO katika orodha ya mifano bora ya uhifadhi wa turathi zisizoshikika.

Hata hivyo, kupanda hadhi kwa jina si sawa na kujua kupika. Mteja wa mkahawa hula kilichopikwa na mwingine.

Yaliyomo Ndani ya Jani

Jedwali la vyakula vya Afrika lililochapishwa na Shirika la Chakula na Kilimo Duniani mwaka 1968 linaonyesha kuwa gramu 100 za majani mabichi ya mkabilishemsi huwa na protini karibu gramu 5, kalsiamu karibu miligramu 290 na madini ya chuma karibu miligramu 6. Kwa kulinganisha, kiasi hichohicho cha maziwa ya ng'ombe huwa na kalsiamu isiyozidi miligramu 130 hivi, na kabichi haifikishi hata miligramu 1 ya chuma. Takwimu za namna hii hubadilika kutegemea udongo, umri wa jani na muda uliopita tangu kuchumwa, kwa hivyo zichukuliwe kama kielekezi. Zaidi ya hayo, jani hili lina beta-karotini kwa wingi, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A inayolinda macho na kinga ya mwili, na lina foleti inayohitajika katika utengenezaji wa damu.

Kwa mintarafu ya damu, jamii ya Wakisii ina desturi ya kumpa mama mjamzito na mama aliyejifungua chinsaga. Wanaoiendeleza huamini kwamba mboga hii humrudishia mama nguvu na damu aliyoipoteza. Desturi hii ina msingi, lakini ni lazima ifafanuliwe, maana hapa ndipo mtu anapoweza kudhurika. Mama mjamzito hushauriwa kupata takriban miligramu 27 za chuma kwa siku. Chuma kilichomo katika mimea hufyonzwa na mwili kwa kiwango kidogo tu, tofauti na kile cha nyama na samaki. Sahani ya saga, hata iwe kubwa vipi, haiwezi kuchukua nafasi ya vidonge vinavyotolewa kliniki kwa mama mwenye upungufu wa damu. Mboga na vidonge havigombani. Mama avitumie vyote viwili.

Kufyonzwa kwa chuma hicho huweza kuongezwa au kupunguzwa na kinacholiwa pamoja nacho. Vitamini C huongeza: nyanya mbichi iliyokatwakatwa, limau lililokamuliwa juu ya mboga iliyokwisha kuivishwa, au chungwa baada ya mlo. Chai hupunguza, kwa sababu ya tanini iliyomo. Na hapa nyumba nyingi za Kenya zina mazoea ya kumalizia chakula kwa kikombe cha chai, mazoea yanayomnyang'anya mlaji sehemu ya kile alichokula muda mfupi uliopita. Chai ikisubiri saa moja au mbili haitaharibika.

Yapo pia madai yasiyofaa kupewa nafasi. Husemwa sokoni kwamba saga huponya kisukari, shinikizo la damu na hata saratani. Mboga za majani, zikiliwa kwa wingi na mara kwa mara, huchangia kuupunguzia mwili hatari ya baadhi ya maradhi. Huko si kuponya. Mgonjwa anayetumia dawa za kuzuia damu isigande anapaswa kuzungumza na daktari wake kabla ya kuzidisha ghafla mboga za majani, kwa kuwa vitamini K iliyomo huweza kuipunguzia dawa hiyo nguvu. Mwenye maradhi ya figo vilevile afuate ushauri aliopewa hospitalini.

Chungu na Uchungu

Kiswahili kimeweka katika neno moja, chungu, chombo cha kupikia na ladha inayosumbua ulimi. Wanaleksikografia watasema kwamba hizo ni homonimu zilizokutana kwa sadfa. Anayepika mkabilishemsi ataona kwamba vitu hivyo viwili vina mazungumzo marefu.

Uchungu wa mboga hii hutokana na kemikali za kujikinga, miongoni mwazo tanini na jamaa zake pamoja na glukosinoleti, kemikali zipatikanazo pia katika kabichi na haradali. Mpishi mwenye haraka hujua njia moja tu ya kuuondoa: kuchemsha majani katika maji mengi, kuyamwaga maji, kuchemsha tena, kumwaga tena. Uchungu hupungua kweli. Lakini vitamini C na foleti huyeyuka katika maji, na pamoja na maji hayo huishia kwenye mtaro. Kinachobaki ni makapi ya kijani yanayohitaji kitunguu kingi na viungo vingi ili yapate ladha. Kisha huyo mpishi huambiwa kwamba amekula mboga yenye lishe.

Wapishi wa jadi walikuwa na mbinu nyingine, na zote zinastahili kutazamwa kwa makini.

Mbinu ya kwanza ni kuchanganya. Waluhya hawapiki tsisaga peke yake ila kwa nadra. Huichanganya na mboga zisizo chungu, kama vile mchicha, kunde au majani ya malenge. Mchanganyiko huo si wa kubahatisha. Mboga moja huleta uchungu na harufu, nyingine ulaini, nyingine utelezi. Anayeanza kuzoea anaweza kutia sehemu moja ya saga kwa sehemu mbili za mchicha, kisha akaongeza saga kidogo kidogo kadiri ulimi unavyozoea. Ulimi hufundishika, hasa ukianza kufundishwa utotoni.

Mbinu ya pili ni maziwa. Wakalenjin hutia maziwa au malai. Waluo hupika dek kwa maziwa katika chungu cha udongo, kwa moto wa taratibu, na hapo zamani chungu hicho kingerudishwa motoni jioni ya pili na ya tatu, kila mara kikiongezwa maziwa, mpaka uchungu wote ukatulia na mboga ikawa laini kama uji mzito. Sayansi ina maelezo kuhusu jambo hili: protini ya maziwa hushikana na tanini, na tanini iliyoshikwa haiukerekeshi ulimi tena. Mafuta ya maziwa nayo huusaidia mwili kufyonza beta-karotini, ambayo haifyonzwi vyema bila mafuta. Jambo moja linafaa kukubaliwa bila kuficha: kalsiamu ya maziwa hupunguza kidogo ufyonzwaji wa chuma. Kwa hivyo mama anayekula mboga hii kwa ajili ya damu yake asiipike kwa maziwa kila siku. Siku nyingine aipike kwa mafuta kidogo na nyanya. Pwani, penye minazi, tui huleta mafuta yale yale bila kalsiamu nyingi kama ya maziwa, na mwangani wa nazi ni kitoweo ambacho hakimhitaji mtetezi.

Kuhusu chungu kinacholala na kurudishwa motoni, tahadhari ni moja. Zamani kilichemshwa mpaka kikatokota kila kiliporudishwa, na moto wa kuni haukuzimika kabisa. Anayepikia jiko la gesi katika chumba chenye joto asiiache mboga yenye maziwa mezani usiku kucha akiita huko ni kufuata mila. Aiweke kwenye jokofu, na kama hana, apike ya kutosha mlo mmoja.

Mbinu ya tatu ni maji ya majivu, ambayo Waluhya huita munyu. Maganda makavu ya maharagwe au ya ndizi huchomwa, majivu yake huwekwa katika chombo chenye vitundu, maji humwagiwa juu, na yanayochuruzika chini hutumiwa kulainisha mboga. Wengine hutumia magadi. Mboga ngumu huiva upesi na rangi ya kijani haififii. Lakini alkali iliyomo huharibu vitamini C na baadhi ya vitamini za kundi B, kwa hivyo kijiko kimoja ni kingi. Kwa mrenda na kunde zilizokomaa munyu una kazi. Kwa saga changa haifai kitu.

Kwa anayetaka kuanza leo, utaratibu unaofaa ni mfupi. Majani machanga na vichomozo laini vichambuliwe, mashina magumu yatupwe. Majani yaoshwe yakiwa mazima, kwa sababu yakikatwa kabla ya kuoshwa hupoteza vitamini ndani ya karai. Maji yachemke kwanza, kikombe kimoja hivi kwa mafungu matatu, ndipo majani yatiwe pamoja na chumvi, chungu kifunikwe. Baada ya dakika kumi hadi kumi na tano maji huwa yamekaribia kukauka yenyewe, na hakuna cha kumwaga. Kitunguu na nyanya vikaangwe kando, mboga iongezwe, kisha kikombe cha maziwa au tui, na moto upunguzwe kwa dakika kumi nyingine. Mboga hii huwa na ladha nzuri zaidi siku ya pili, jambo ambalo kila nyanya wa magharibi mwa Kenya analijua na ambalo jokofu limelirahisisha. Jungu kuu halikosi ukoko.

Kuhusu mahali pa kununua, neno moja tu: mboga hufyonza kilichomo udongoni. Saga inayoota kandokando ya barabara kuu au inayonyweshwa kwa maji ya mtaro wa majitaka huweza kubeba metali nzito na vijidudu, na kuosha hakuondoi metali zilizokwisha kuingia katika jani. Kumuuliza muuzaji mboga zake zimetoka wapi si kumkosea adabu.

Kulima na Kuweka Mbegu

Njia ya uhakika zaidi ya kujua mboga imetoka wapi ni kuilima. Mkabilishemsi hauhitaji shamba. Gunia lililojazwa udongo na samadi iliyooza, likawekwa mahali penye jua kwa muda mwingi wa siku, linatosha kumpa mwanafunzi au familia ndogo mboga kila wiki. Katika shamba, mistari huachiana sentimita 30 hivi. Mbegu ni ndogo na nyeusi, kwa hivyo huchanganywa na mchanga mkavu ili zisirundikane, kisha hufunikwa kwa udongo usiozidi sentimita moja.

Kuzifunika ni muhimu, na sababu yake ni ya ajabu kidogo. Mmea huu unaolikabili jua maisha yake yote una mbegu inayolikimbia jua: utafiti umeonyesha kwamba mwanga huzizuia mbegu zake kuota, na kwamba huota vyema zaidi gizani, penye joto. Mkulima anayezitawanya juu ya udongo na kuziacha wazi atazilaumu bure.

Miche ikifikia kimo cha kidole hupunguzwa, na iliyong'olewa huliwa. Hiyo ndiyo saga tamu kuliko zote, isiyo na uchungu mwingi. Baada ya wiki nne hadi sita mavuno ya kawaida huanza. Ncha ya shina hukatwa ili matawi yachipuke pembeni, na maua huondolewa mara yanapochomoza. Hili la maua lisipuuzwe. Mmea ukiruhusiwa kuchanua huelekeza nguvu zake kwenye mbegu, majani yakawa madogo, magumu na machungu zaidi. Ukame nao huharakisha kuchanua, kwa hivyo kunyunyizia maji wakati wa kiangazi hurefusha mavuno. Adui mkubwa ni vidukari wanaojificha upande wa chini wa jani. Maji ya sabuni hafifu huwatosha, mradi majani yaoshwe vyema kabla ya kupikwa.

Mimea miwili au mitatu yenye afya iachwe bila kuchumwa hata kidogo, kwa ajili ya mbegu. Ni kosa la kawaida kuchagua mmea dhaifu uliobaki mwishoni kuwa mzazi wa msimu ujao. Maganda yake ni marefu na membamba. Yakianza kugeuka manjano hukatwa kabla hayajapasuka yenyewe, hukaushwa kivulini juu ya gazeti, hupurwa, na mbegu huwekwa katika chupa kavu yenye jina na tarehe.

Mbegu hizo zimekuwa na historia yake mahakamani. Sheria ya Kenya ya mbegu na aina za mimea, kama ilivyorekebishwa mwaka 2012, ilitia katika hatari ya adhabu wakulima waliouziana au kubadilishana mbegu zisizosajiliwa, yaani takriban kila mama aliyempa jirani yake kikombe cha mbegu za saga. Wakulima wadogo walifungua kesi mwaka 2022, na mwezi Novemba 2025 Mahakama Kuu ilitangaza kwamba vifungu hivyo vinakiuka katiba.

Lipo jambo moja ambalo hakuna mahakama inayoweza kulibadilisha. Mbegu changa za mkabilishemsi hulala. Zikipandwa mara baada ya kuvunwa huota chache sana, na mkulima mgeni hudhani kwamba ameuziwa mbegu mbovu. Huhitaji kupumzika miezi mitatu hadi sita mahali pakavu. Zilizovunwa Agosti zisisumbuliwe kwa mvua za vuli, zisubiri masika.